Kikombe kimoja cha chizi iliyokwaruzwa ni gramu ngapi? Nina oda Jumamosi

MamaTrei: Habari za jioni wapendwa. Niko Tanga mjini, Chumbageni, napika kwa oda. Jumamosi nina shughuli Raskazone, mteja anataka makaroni ya chizi ya kuoka, trei tatu. Resipe ni ya Kimarekani: kila trei vikombe vinne vya cheda iliyokwaruzwa na aunsi nane za chizi laini ya kupaka. Dukani cheda ni vipande vya gramu 250, na bei yake mnaijua. Ninunue vingapi?

KijanaWaMakorora: Kikombe ni mililita 250, kwa hiyo gramu 250. Vikombe vinne kilo moja, trei tatu kilo tatu. Kazi imeisha.

BintiPangani: Kilo tatu! Utamfilisi dada wa watu. Hesabu hiyo ni ya maji, mdogo wangu. Chizi ikikwaruzwa inajaa hewa. Kikombe cha Kimarekani ni kama mililita 240, na cheda ikijaa humo bila kushindiliwa ni gramu 113 hivi. Vikombe vinne ni kama gramu 450, trei tatu hazifiki kilo moja na nusu. Nunua vipande sita, kitakachobaki nyunyizia juu.

MamaTrei: Ahsante dada, umeniokoa. Na zile aunsi nane?

MzeeWaSufuria: Hapo ndipo wengi wanapopotea. Aunsi ziko mbili, ya uzito na ya ujazo. Kwenye chizi ni ya uzito, gramu 28 na ushei, kwa hiyo nane ni gramu 227. Chizi laini haina hewa ndani, gramu hizo zinakaribia kujaza kikombe kimoja. Basi mtu akiona hivyo anadhani aunsi nane ni kikombe kwa kila kitu, anaipeleka hesabu hiyo kwenye cheda, anatia chizi mara mbili. Kwa trei tatu chukua gramu 680.

KijanaWaMakorora: Sawa mzee, na asiye na mizani?

BintiPangani: Kipande kimoja cha 250 kinatoa vikombe viwili na chembe. Vipande viwili, trei moja, hahitaji mizani. Ila asipimie kikombe cha chai cha nyumbani, vingine vinabeba mililita 300 na zaidi. Ajaze maji chupa ya nusu lita, amimine nusu yake kwenye chombo, apige alama chini kidogo ya yalipofika maji.

ShangaziDuga: Mwanangu, na joto letu hili la Tanga! Chizi ikilainika inagandana kwenye kikwaruzio, na kikombe kinameza nyingi kuliko inavyotakiwa. Iweke friza nusu saa kwanza, ndipo ukwaruze kwa matundu makubwa. Ile ya mfuko iliyokwisha kukwaruzwa iache hukohuko dukani. Inapakwa wanga isishikane, na sosi yako haitakuwa laini.

MamaTrei: Shikamoo shangazi, nimekusikia. Jamani, mteja kapiga simu sasa hivi, anataka na mozarela juu, kikombe kimoja kila trei.

ShangaziDuga: Marahaba. Hesabu ileile, 113 mara tatu, gramu 340. Na bei umpandishie leo leo kabla hujaenda dukani, usimwonee haya.