Ubao wa friraidi au wa fristaili kwa maji ya Paje: naomba ulinganisho

Binti_Kusi aliandika:

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Nina uzito wa kilo 64, ninatumia kaiti (tiara kubwa linalomvuta mtu aliyesimama kwenye ubao juu ya maji) za mita za mraba 7 na 10 hapa Paje, Zanzibar, na ninataka kununua ubao mmoja utakaonifaa wakati wa kusi na wakati wa kaskazi. Nimebakiwa na machaguo mawili. Wa kwanza ni wa friraidi, yaani wa safari za kawaida, sentimita 136 kwa 41, wenye mpindo mdogo (jinsi ubao unavyojikunja kwenda juu kuelekea ncha) na ncha laini, uliotengenezwa kwa mti wa paulownia na nyuzi za kioo. Wa pili ni wa fristaili, yaani wa michezo ya kuruka, sentimita 135 kwa 41, wenye mpindo mkubwa zaidi, mgumu kwa sababu ya kaboni, na chini yake una mifereji mirefu. Ninapenda safari ndefu za kwenda karibu na mwamba, lakini nimeanza pia kujifunza kuruka nikiwa nimechomoa kitanzi cha kaiti kwenye ndoano ya mkanda wa kiunoni. Naomba mnieleze tofauti ninayoweza kuihisi miguuni.

Mwalimu_Pwani alijibu:

Dada, anza na mpindo, kwa sababu ndio unaoamua mambo mengi kabla hata kaboni haijatajwa. Ubao uliokaribia kunyooka hulalia maji kwa sehemu kubwa ya urefu wake, kwa hiyo huanza kuteleza mapema upepo ukiwa hafifu, hushika kasi haraka, na hupanda joshi, yaani kuelekea upepo unakotoka, bila kukulazimisha kuegemea sana. Siku za kaskazi iliyolegea utaiona faida hiyo waziwazi. Ubao wenye mpindo mkubwa husukuma maji mbele yake na hudai nguvu zaidi ya kaiti, lakini unapotua, ncha yake haichimbi maji.

Lililo muhimu zaidi kwako ni kwamba kuruka kwa friraidi na kuruka kwa fristaili ni kazi mbili tofauti. Katika friraidi unaipeleka kaiti juu ya kichwa, nayo ndiyo inayokuinua, huku ubao ukitakiwa tu kushika ukingo mpaka dakika ya kuondoka na kukupokea vizuri unaporudi. Katika fristaili kaiti hubaki chini, kwenye nyuzi 45 hivi, na kimo chako hutokana na mvutano unaoujenga kwenye kamba kwa kukandamiza ukingo, kisha kuuachia ghafla huku ukijisukuma kwa mguu wa nyuma. Mkia mgumu hukurudishia msukumo huo papo hapo, ilhali mkia laini hujipinda na kuumeza, nawe unabaki ukishangaa kwa nini hukuinuka. Kwa mtu anayejifunza kuchomoa kitanzi, naona ubao wa friraidi utamchelewesha.

Diani_Joshi alijibu:

Nakubaliana na Mwalimu kuhusu mpindo, ila kuhusu ugumu nina neno. Huku Diani, pwani ya Kenya, maji yakijaa, mawimbi huvuka mwamba na bahari hujaa vijiwimbi vya kukatiza, na ubao wa kaboni hupeleka kila pigo moja kwa moja kwenye magoti. Nyuzi za kioo hupunguza mtikisiko huo, na baada ya saa mbili majini tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utaendelea au utatoka. Isitoshe, kaboni si sharti la fristaili. Zipo mbao zenye umbo la fristaili, mpindo na mifereji yote, zilizotengenezwa kwa nyuzi za kioo, ngumu katikati na laini kidogo nchani. Ningemshauri dada aulize kwanza kama anaweza kuupata wa namna hiyo.

Fundi_Epoksi alijibu:

Ninaongeza suala la mapezi, yale mabapa madogo yanayofungwa chini ya ubao, ambalo kwa Paje si dogo. Maji yakitoka, sehemu kubwa ya ndani ya mwamba hubaki na kina cha goti au pungufu, pamoja na vigingi na kamba za mwani. Pezi la sentimita 5 likigonga jiwe, skrubu hung'oa mahali iliposhikiliwa, maji ya chumvi huingia kwenye mti, na ubao huanza kuoza kwa ndani huku juu unaonekana mzima. Mifereji ya ubao wa fristaili hushika maji yenyewe, kwa hiyo unaweza kutumia mapezi mafupi bila kuteleza kiupande. Ubao wa friraidi usio na mifereji ya maana huyategemea mapezi marefu. Na kamba hizo za mwani ni riziki ya akina mama wanaolima hapo Paje tangu 1989, kwa hiyo zizungukeni hata kama maji yanaonekana kutosha.

Binti_Kusi aliandika:

Nawashukuru nyote. Yamebaki maswali mawili. Je, ubao wa fristaili utapanda joshi kwa kaiti yangu ya mita 10 upepo wa kaskazi ukipungua? Na je, nianze na buti au nibaki na kanda za miguu?

Mwalimu_Pwani alijibu:

Upepo ukishuka chini ya kilomita 25 kwa saa hivi, utapata shida ya kupanda joshi kwa ubao huo, na hapo kaiti ya mita 12 itakusaidia kuliko kubadili ubao. Ndani ya mwamba maji yetu ni tulivu, hivyo hoja ya Ndugu Diani kuhusu magoti ina uzito mdogo hapa kuliko kwao, ingawa ushauri wake kuhusu nyuzi za kioo ni mzuri na ukiupata wa umbo hilo, hata wa 137 kwa 41, uchukue huo. Ukiukosa, chukua wa pili kati ya hiyo miwili uliyoitaja.

Kuhusu buti, subiri. Buti hukufunga kwenye ubao hata unapoanguka vibaya, na anayejifunza huanguka vibaya mara nyingi, ilhali kanda humwachia mguu. Kabla ya kuchomoa kitanzi, vuta mkanda wa kurekebishia uipunguzie kaiti nguvu, kwa sababu ukishachomoa, fimbo unayoishika kuongozea kaiti itavutwa kwa nguvu zote za kaiti na mikono yako ndiyo itakayobeba.