Kikundi: Nyumba ya Bibi Nansio (sipiyu ya Nyakato imegoma)

JUMAMOSI

[18:52] Mama Mdogo Nyakato: Jamani habari za jioni. Umeme ulikatika saa tisa. Uliporudi sipiyu ikawaka vizuri tu, baada ya muda kioo kikawa bluu na maandishi meupe, ikajizima. Sasa inaishia kwenye nembo, inasema haioni diski ya kuwakia.

[18:54] Mjomba Igoma: Pole dada. Hiyo ni ramu, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Ya ofisini kwetu ilifanya hivyo hivyo. Ichomoe, sugua yale meno ya njano kwa ufutio wa penseli, irudishe.

[18:55] Dada Buhongwa: Mjomba kwako kila kitu ramu 😂 hata pasi yangu ilipoungua ulisema ramu

[18:57] Baba Mdogo Nyakato: Nimeiwasha na kuizima kama mara nane. Ina kasauti fulani hivi. Nilitaka nimpelekee yule kijana wa mjini, anapiga Windows kwa elfu ishirini.

[18:58] Mama Mdogo Nyakato: Humo kuna hesabu za kikoba tangu 2019, picha zote za watoto, na ile sauti ya Babu akisimulia ukoo. Hiyo sauti sina pengine popote.

[18:58] Dada Buhongwa: Mungu wangu

[19:03] Dogo Sengerema: Shikamooni wote. Mama mdogo, chomoa waya ukutani sasa hivi. Msiiwashe tena hata mara moja.

[19:04] Mama Mdogo Nyakato: Marahaba mwanangu. Nimechomoa.

[19:04] Dogo Sengerema: Baba mdogo, hako kasauti kakoje?

[19:06] Baba Mdogo Nyakato: Kama mtu anagonga kucha mezani. Tk, tk, tk, inanyamaza, inaanza tena.

[19:09] Dogo Sengerema: Basi mjomba anisamehe, siyo ramu. Ramu ikigoma mara nyingi hata nembo huioni, unasikia milio mifupi na kioo kinabaki cheusi. Hii inafika kwenye nembo, inaitafuta diski, inaikosa. Ingekuwa kimya ningesema labda waya wa diski umelegea. Ila hako ka tk tk ni kichwa cha kusomea kimepoteza njia.

[19:12] Dogo Sengerema: Ndani ya diski kuna visahani vinazunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Kichwa kinaelea juu yake bila kugusa, na nafasi iliyobaki hapo hata chembe ya moshi haipiti. Kikikosa alama zake kinarudi mwanzo, kinajaribu tena. Hiyo ndiyo tk. Kila mkiwasha mnakipa nafasi ya kukwaruza. Mara nane zinatosha baba 🙏

[19:13] Baba Mdogo Nyakato: Nimekoma.

[19:15] Mjomba Igoma: Kuna mtu aliniambia unaifunga kwenye nailoni unaiweka kwenye friza usiku mmoja. Friza ya sangara ipo hapa kwangu.

[19:16] Dogo Sengerema: Mjomba nakuomba. Ikitoka kwenye baridi inaloa jasho ndani, maji yanakaa juu ya visahani. Halafu itanuka sangara.

[19:17] Dada Buhongwa: 😂😂😂

[19:19] Binamu Malimbe: Si mngetumia ile amri ya kukagua na kurekebisha diski? Chuoni tunaitumia sana.

[19:22] Dogo Sengerema: Hiyo ni ya diski nzima yenye mafaili yaliyovurugika. Diski inayokufa ukiiambia ijirekebishe unamkimbiza mgonjwa. Isitoshe inaandika juu yake. Na kijana wa mjini akipiga Windows juu ya diski hiyo hiyo, Babu ndiyo basi. Kwanza tunanakili. Matengenezo baadaye.

[19:24] Mama Mdogo Nyakato: Sasa unakuja lini?

[19:25] Dogo Sengerema: Kesho asubuhi. Siku hizi kuna daraja, sina habari ya kusubiri kivuko Busisi. Ninunulieni diski ya nje ya TB 1, ya kwenu ni GB 500. Ikigoma kabisa kuonekana sitailazimisha, tutaitafutia wataalamu wanaofungua diski kwenye chumba kisicho na vumbi. Bei yao niwaambie mkiwa mmekaa.

JUMAPILI

[07:10] Bibi Nansio: Mwangaluka. Anaandika mjukuu. Bibi anauliza Babu ameharibika vipi.

[07:12] Mama Mdogo Nyakato: Mwangaluka mama. Siyo Babu, ni kompyuta yenye sauti yake.

[10:41] Dogo Sengerema: Nimefika. Nimeingia bayosi, ile mipangilio ya kabla Windows haijawaka: mara ya kwanza diski haipo, ya pili ipo na ukubwa wake kamili. Nimewasha kwa flashi yenye Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, sijagusa Windows yao. Programu inanakili kwanza sehemu rahisi, penye ubovu inaruka, itaparudia mwishoni.

[10:43] Dogo Sengerema: Halafu kibandiko cha diski kinasema 2013. Umeme umeisukuma tu, ilikuwa mzee tayari.

[13:30] Baba Mdogo Nyakato: Asilimia 61. Tumekaa kama tunaangalia mpira. Mama amekataza feni isielekezwe huko.

[16:05] Mama Mdogo Nyakato: UMEME UMEKATIKA

[16:05] Dada Buhongwa: Ee jamani

[16:08] Dogo Sengerema: Tulieni. Programu inaandika ramani ya ilipofika. Ukirudi inaendelea hapo hapo. Swali ni kama diski itakubali kuamka.

[17:52] Dogo Sengerema: Umerudi. Tk tk tatu. Ikakaa kimya. Ikaamka.

[21:37] Dogo Sengerema: Imeisha. Haikusomeka kama MB 3 tu katika GB 500. Kikoba chote kipo. Picha, moja moja zina mstari wa kijivu chini. Sauti ya Babu ipo, ila dakika ya 11 kuna sekunde kama nne hazisikiki. Naiweka hapa, kila mtu aihifadhi kwenye simu yake.

[21:38] Dogo Sengerema: 🎤 Babu_ukoo (24:16)

[21:55] Mjomba Igoma: Hizo sekunde nne ndipo anapotaja waliohama. Naona kuna jina limepotea hapo. Inaniuma.

[21:57] Binamu Malimbe: Na mimi nimehisi hivyo, maana anakata ghafla.

[22:04] Bibi Nansio: Bibi amesikiliza. Anasema hakuna jina hapo. Babu alikohoa, akamwomba Bibi maji.

[22:11] Mama Mdogo Nyakato: Nimeirudia na sauti ya juu. Kweli. Akianza tena kusema kuna kikombe kinawekwa mezani.