Mrejesho: kayaki kulala ubavu nanga ikishika, Mtwapa

Wakubwa, ahsanteni. Niliuliza kwa nini kayaki inalala ubavu kila nanga ikishika siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana. Jawabu lenu ndilo: kamba ilikuwa imefungwa katikati, pembeni mwa kiti. Mkondo ukipiga ubavuni, upande wenye kamba unavutwa chini na maji yanapanda. Ni hatari hasa, chombo hupinduka mara moja.

Sasa kamba inatokea omo kabisa, yaani mbele ya chombo. Nanga kilo 1.5, mnyororo mita 1.5, kamba mita 20 kwa kina cha mita 5. Awali kamba ilikuwa mita 8 tu, ndiyo maana nanga ilikuwa ikiburura tope bila kushika. Mwisho wa kamba una boya, na fundo linafunguka kwa mvuto mmoja. Kisu kiko kifuani, si ndani ya begi.

Samaki chewa naye: maji yakienda mbio chubwi, ile risasi ya mshipi, haikai chini, msihangaike. Subirini maji yasimame, mshusheni chambo cha kamba mdogo (uduvi mkubwa) aliye hai kando ya mizizi ya mikoko. Kesho yake saa hiyo ya maji kusimama huchelewa kama dakika 50.