Mjadala: Utitiri wa varoa, tutie dawa, tutie kuvu, au tuwaache nyuki wapambane?

Mleta mada:
Wadau wa nyuki, tujadili hili bila kuoneana haya. Varoa, utitiri unaowanyonya nyuki, aligunduliwa Kenya na Tanzania mwaka 2009. Kwa kuwa utitiri huu umeangamiza mizinga mingi Ulaya na Marekani, wapo wanaosema na sisi tuanze kutia dawa mapema. Wengine wanasema kemikali hapana, tutie kuvu inayoua utitiri. Kwa mfugaji wa kawaida wa Tabora, Kitui au Baringo, mimi napinga yote mawili.

Mwaka 2010 watafiti walikagua manzuki (sehemu za kufugia nyuki) 24 nchini Kenya. Varoa alikuwapo karibu kote isipokuwa kaskazini ya mbali, lakini makundi hayakuwa madogo kwa sababu yake. Afrika Kusini alionekana mwaka 1997, makundi mengi yakaachwa bila dawa. Dhaifu yalikufa, na nyuki wa Rasi, aina ya nyuki wa kusini mwa nchi hiyo, wakaweza kuishi naye ndani ya miaka 3 hadi 5. Nyuki wetu husafishana na hutoa majana (watoto wa nyuki) yaliyoshambuliwa. Ukitia dawa unaokoa kundi lisilojua kujisafisha, kisha madume yake yanakwenda kupanda malkia wa jirani.

Dawa yenyewe haidumu. Italia, fluvalineti, dawa ya kemikali ya kuua varoa, ilianza kushindwa mapema miaka ya 1990, utitiri ukawa sugu na mabaki yakaganda kwenye nta. Na sisi nta tunaiuza nje!

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, kwenye kemikali niko nawe, ila usiitie kuvu kapu moja nazo. Metarhizium, kuvu inayoua wadudu, huishi udongoni, na icipe, kituo cha utafiti wa wadudu pale Nairobi, wameifanyia kazi miaka mingi dhidi ya wadudu wa mazao. Kasoro yake mzingani ilikuwa joto, maana majana hulelewa kwenye nyuzi 34 hadi 35 na kuvu nyingi hulegea hapo. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington walitangaza aina waliyoizoesha joto hilo kwa kuichagua kizazi baada ya kizazi. Halafu wewe unasema dhaifu wafe. Mama mwenye mizinga kumi ya mkopo, virusi vya kulemaza mabawa vinavyosambazwa na varoa vikimwingilia, mkopo atalipa nani?

Mleta mada:
Swali la hasara ni la haki, na ndiyo maana utafiti wa kuvu siupingi. Ninachopinga ni kumpelekea kuvu mfugaji ambaye hajawahi hata kupima ana utitiri kiasi gani. Kuna utitiri mlaji, Stratiolaelaps, ambao wakulima hutumia kula wadudu wa udongoni. Ulijaribiwa mizingani Canada na Marekani, na varoa hakupungua kwa maana. Varoa huzaa ndani ya chumba cha majana kilichofunikwa kwa nta, mlaji hafiki humo. Kuvu nayo inakutana na kifuniko hichohicho, kwa hiyo lazima irudiwe. Kila kurudia ni pesa na ni kufungua mzinga, na nyuki wetu wakisumbuliwa sana huhama. Huyo mama atabaki na mizinga mitupu na deni lilelile.

Mchangiaji wa pili:
Ndugu zangu, mizinga ya magome inaning'inia juu ya miti ndani ya miombo. Nani atapanda kila wiki kutia kuvu? Huku Sikonge kinachotumaliza ni moto na miti inayokatwa kukaushia tumbaku.

Mleta mada:
Hapo umesema, na fedha za serikali zingeanzia hapo. Wenye mizinga ya masanduku nawaomba kitu kimoja: chukua nusu kikombe cha nyuki kutoka sega la majana, hao ni kama 300, hakikisha malkia hayumo, watie kwenye chupa yenye kifuniko cha wavu, nyunyiza sukari ya unga, tikisa, hesabu utitiri unaodondoka juu ya karatasi nyeupe. Nyuki warudishe, wanabaki hai. Andikeni hapa idadi na wilaya, na kama kundi liliwahi kutiwa dawa yoyote.