Kuponda viazi nyumbani: kazi yake inalipa, au bora vya pakiti?

Sufuria Mbili (mleta uzi)

Wakuu wa jukwaa la mapishi, salaam. Naomba ushauri wenye vipimo.

Nataka viazi vya kuponda viwe chakula cha kawaida nyumbani, mara moja kwa wiki, watu sita, vya kulia na rosti ya nyama au samaki wa kukaanga. Niko Dar, jiko la gesi la plate mbili. Nina blenda, mwiko na chekeche la waya. Kiponda viazi sina. Supamaketi kuna pakiti za viazi vilivyokaushwa: unamimina maji ya moto, unakoroga, umemaliza. Upande wa pili kuna kumenya, kuchemsha, kuponda na kuosha vyombo.

Je, tofauti inalipa hiyo kazi? Na kwa nini blenda inavitoa vinavutika kama gundi, ilhali mwiko unaacha madonge? Viazi ni vile vile, fungu lile lile.

Mama Chekeche

Inalipa, tena sana. Ila hiyo blenda irudishe kabatini kabla hatujaendelea, maana ndiyo inayokuharibia.

Kiazi ukikitazama kwa ndani ni vifuko vidogo vidogo vilivyobanana, na kila kifuko kimejaa wanga. Kikichemka, wanga unavimba humo humo ndani, na kile kinachovishikanisha vifuko kinalainika. Ukikandamiza taratibu, vifuko vinaachana vikiwa vizima, nawe unapata viazi laini vyenye ungaunga. Kisu cha blenda kinavipasua. Wanga uliokwisha kuiva unamwagika nje, na huo ndio uji mzito wa gundi unaouona. Ukishamwagika haurudi. Hata mwiko, ukiuzungusha kwa nguvu dakika tano, unakufikisha hapo hapo.

Madonge ni jambo jingine kabisa: kiazi hakikuiva katikati, au kilipoa kabla hujakiponda. Tiba yake ni kuchemsha vizuri na kuponda vikiwa vya moto. Kuongeza nguvu ya mkono hakusaidii.

Kwa watu sita chukua kilo moja na nusu kabla ya kumenya. Maganda yakitoka unabaki na kilo moja na robo hivi. Kata vipande vya sentimita 4, vyote vilingane. Suuza mara moja, kisha tia sufuriani na maji baridi yavifunike kwa vidole viwili. Ukivitumbukiza kwenye maji yanayochemka, nje vinaanza kumeguka wakati ndani bado vigumu. Chumvi ni kijiko cha chai kimoja na nusu kwa kila lita ya maji, na itiwe mwanzoni, kwa sababu ya kuongeza mezani haiingii ndani ya kiazi.

Yakishachemka punguza moto, yatokote tu kwa dakika 15 hadi 20. Chomoa kipande kikubwa kuliko vyote, kichome kwa ncha ya kisu. Kisu kikiingia na kutoka bila kukinyanyua kipande, tayari. Kikining'inia kwenye kisu, rudisha.

Sasa hatua ambayo watu wengi wanairuka. Mwaga maji yote, rudisha viazi kwenye sufuria ile ile tupu, moto mdogo kabisa, dakika mbili, ukitikisa sufuria. Utaona mvuke unapanda, kisha kingo za vipande zinageuka nyeupe kama zimepakwa chokaa, na chini ya sufuria kunabaki utando mwembamba. Hapo maji ya juu yamekwisha. Usipofanya hivyo, maziwa utakayotia yanakuta maji yameshakaa nafasi yake, na chakula kinatoka cha majimaji kisicho na ladha.

Kiponda huna, lakini chekeche la waya unalo, na linatoa viazi laini kuliko kiponda. Ligeuze juu ya bakuli, weka vipande vichache vichache, kandamiza kwa mgongo wa upawa, moja kwa moja kuelekea chini. Usisugue kwa kuzungusha.

Kisha mafuta kabla ya maziwa: siagi gramu 100 hadi 120, koroga mpaka ipotee. Halafu maziwa ya moto, mililita 200, kidogo kidogo. Ukiona vimefika, acha hata kama maziwa yamebaki. Maziwa baridi yanavipoza na kuvifanya vizito, nawe utajikuta unakoroga zaidi, yaani unarudi kwenye gundi.

Pilipili manga na kungumanga kidogo ya kukwaruza, basi.

Waru na Mwiko

Mama Chekeche amesema yote kuhusu sufuria. Naongeza kuhusu kiazi chenyewe, kwa sababu hapo ndipo wengi wanaanza vibaya.

Kiazi cha kuponda ni kile chenye wanga mwingi na maji machache. Huku Kenya wengi tunanunua Shangi kwa kuwa ndiyo imejaa sokoni. Inaiva haraka, kwa hiyo anza kuichoma kwa kisu mapema, dakika ya 12, la sivyo itamegukia majini. Huko Dar muuzaji atakutajia mahali tu: vya Njombe, vya Mbeya, vya Lushoto. Mahali hapakwambii kiazi kina wanga kiasi gani. Jipimie mwenyewe. Kwanza sugua ganda kwa kidole gumba. Likichubuka kirahisi, kiazi ni kichanga, kimechimbwa kabla ya kukomaa, na kitakupa uji unaoteleza. Hicho kikaange au kitie kwenye mchuzi.

Kipimo cha pili kinafanyika nyumbani. Koroga kikombe kimoja cha chumvi kwenye vikombe 11 vya maji, tumbukiza kiazi kizima. Kikizama kina wanga wa kutosha, ponda. Kikielea kina maji mengi. Maji hayo yaweke kwenye chupa, utayatumia tena.

Vyenye rangi ya kijani usivinunue. Kijani kinaashiria kuwa vimepigwa na mwanga, na sumu ya solanini imeongezeka. Kuchemsha hakuiondoi. Doa dogo likate kwa kina, lakini kiazi kilichojaa kijani au kinachowasha kooni tupa. Na vibichi usiviweke kwenye friji: baridi inageuza wanga kuwa sukari, vinakuwa vitamutamu na havina ungaunga. Mahali pakavu, penye giza na hewa.

Halafu anayesoma akiwa Nairobi au Mbeya ajue kwamba zile dakika 15 hadi 20 ni za pwani. Huku juu, kwenye mita 1,700 na zaidi, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Ongeza dakika tano au zaidi, na uamini kisu kuliko saa.

Jiko la Hoteli

Nitavitetea vya pakiti kidogo, maana vinasemwa vibaya na watu ambao hawajavitumia panapovifaa.

Kwanza hesabu. Kiazi kibichi karibu asilimia 80 ni maji. Kwa hiyo kilo moja iliyomenywa ikikaushwa inabaki gramu 200 na ushei. Mtu akilinganisha bei ya pakiti na bei ya kilo ya sokoni bila kuzidisha uzito wa pakiti mara tano, anajidanganya. Zidisha kwanza, toa na maganda upande wa sokoni, kisha tazama ipi nafuu. Ongeza gesi ya dakika 30.

Pili, si chakula cha ovyo. Njia ya kukausha viazi kuwa vile vipande vyembamba ilitengenezwa miaka ya 1950 kwenye maabara ya wizara ya kilimo ya Marekani kule Pennsylvania, na siri yake ni ile ile aliyoieleza Mama Chekeche: kuzuia vifuko visipasuke. Viazi vinapashwa kwanza kwenye maji ya nyuzi 70 hivi, vinapozwa, ndipo vinapikwa mpaka viive, vinapondwa na kukaushwa juu ya ngoma ya moto. Ule upashaji na upoozaji unaufanya wanga ushikamane ndani ya vifuko, usimwagike ovyo.

Hii unaweza kuitumia nyumbani ukipata viazi vya majimaji na huna vingine. Vikate vipande, viache dakika 30 kwenye maji ya moto yasiyotoa povu wala kutokota, kisha maji baridi mpaka vipoe kabisa, halafu chemsha kama kawaida. Vitasamehe makosa mengi ya mkono. Ila inakuongezea karibu saa nzima, kwa hiyo kila wiki sikushauri.

Kinachopotea kwenye pakiti ni harufu. Kile kiharufu cha udongo na kokwa cha kiazi kilichotoka kuiva hakipo, unabaki na ladha ya siagi na maziwa uliyotia wewe. Kwa rosti yenye viungo vingi tofauti ni ndogo. Kwa samaki wa kukaanga na ndimu, ambapo kiazi kinasimama peke yake, tofauti ni kubwa na kila mtu mezani ataiona.

Kwa hiyo ponda mwenyewe, lakini weka pakiti moja ndogo kabatini. Siku viazi vimetoka vya majimaji, nyunyiza vijiko viwili vya chakula, subiri dakika mbili, koroga mara tatu. Vinanyonya maji bila kuacha ladha ya unga mbichi, ambayo unga wa ngano ungeiacha.

Sufuria Mbili (mleta uzi)

Nashukuru sana. Nimeelewa sasa kwa nini blenda. Mawili yamebaki: nyumbani kuna mtu hatumii maziwa wala siagi, tui la nazi linafaa? Na vikibaki, vifanyweje?

Mbatata ya Pwani

Tui linafaa mno, na ukila na samaki hutatamani siagi. Ila lina tabia yake.

Kwa kilo yako na nusu chukua nazi moja kubwa. Kamua tui la kwanza, zito, mililita 200, kwa maji ya vuguvugu kidogo iwezekanavyo. Tui la pili liweke pembeni la kulegezea. Lipashe kwenye moto mdogo ukilikoroga bila kuliacha, na litoe likianza kufuka mvuke kabla halijachemka. Likichemka bila kukorogwa linakatika: mafuta juu, maji chini, na kwenye viazi linaonekana kama mabaka. Tui lina mafuta yake, basi siagi huhitaji. Chumvi izidi ya kawaida kidogo, kwa sababu tui lina utamu. Kitunguu saumu punje mbili zilizochemshwa pamoja na viazi kisha zikapondwa navyo zinalipendeza sana tui.

Usitie ndimu wala nyanya kwenye maji ya kuchemshia kwa kutaka ladha. Uchachu unakikaza kiazi, na unaweza kuchemsha nusu saa kikabaki kigumu. Ndimu ni ya mezani, juu ya samaki.

Vya kubaki: sisi pwani tunaponda viazi miaka yote kwa ajili ya katlesi, kwa hiyo hakuna cha kutupa. Lakini katlesi inataka viazi vikavu. Vyenye maziwa au tui haviumbiki, vinafumuka kwenye mafuta. Kwa hiyo chemsha vya ziada, nusu kilo, na ukishaviponda tenga sehemu hiyo kabla hujatia siagi. Vikipoa vinakaza vyenyewe, na kesho yake vinashika nyama ya kusaga bila kupasuka. Chumvi, pilipili ya kuwasha, kotimiri, zungushia nyama, chovya kwenye yai, kaanga kwenye mafuta yaliyopata moto hasa. Mafuta ya vuguvugu yanaingia ndani.

Vilivyokwisha kutiwa maziwa weka friji, kwenye chombo kipana visirundikane, siku tatu zisizidi. Kwa joto la Dar usiviache mezani zaidi ya saa moja. Kuvipasha: moto mdogo, maziwa au tui vijiko vitatu, mfuniko, geuza mara moja moja.

Waru na Mwiko

Vilivyotoka gundi navyo visitupwe. Changanya na unga wa ngano na chumvi, kanda, sukuma kama chapati. Ule mvutano unaoharibu viazi unasaidia kwenye chapati.

Sufuria Mbili (mleta uzi)

La mwisho, wakuu. Nikivimaliza saa kumi na mbili jioni na watu wanakula saa moja, navitunzaje? Plate zote mbili nitakuwa nimezihitaji.

Mama Chekeche

Hotpot. Kwanza imimine maji yanayochemka, ifunike dakika kumi, mwaga, ipanguse ikauke. Tia viazi, sawazisha juu, mwagia vijiko viwili vya maziwa ya moto (au tui, kwa yule asiyetumia maziwa) bila kukoroga, funika. Hayo maziwa ya juu yanazuia utando usijifanye. Ukifungua saa moja, yageuzie ndani mara mbili tatu kwa mwiko, pakua.

Kama hotpot huna, sufuria ya viazi ikalishe juu ya sufuria ya maji yaliyokuwa yanachemka, funga mfuniko kwa kitambaa. Na viazi vifanye legevu kidogo kuliko unavyovitaka, kwa sababu ndani ya saa hiyo vitakaza.