Gilasi ya chai ya maziwa juu ya karatasi ya mwanangu!

Ummu_Fuoni:
Salamu baadae, niwieni radhi, kwanza nitoe kilichonikaba. Nimetoka kwake sasa hivi, baibui sijavua, mtoto yuko kifuani, nnaandika kwa dole gumba moja. Nnamsema yule yule daktari bingwa wa watoto. Jina silitaji. Kila mwenye mtoto mji huu keshakaa kwenye foleni yake mpaka miguu ikaota mizizi.

Kaweka gilasi ya chai juu ya karatasi ya mwanangu. Chai ya maziwa.

Mwanangu ana miezi mitatu, ananyonya tu, hata maji hajaonja. Alipofika wiki ya sita akaanza kutoa choo cha ute na damu, vijuzi vyekundu mfano wa uzi wa kofia, mashavu yamejaa ukurutu, usiku kucha anajinyonga kwa kilio. Daktari wa kwanza, Mungu amzidishie, kanisikiliza mpaka mwisho. Kanambia huenda ni mzio wa protini ya maziwa ya ng'ombe, nikinywa mie inapita kwenye ziwa langu inamfikia yeye. Niache maziwa na kila chenye maziwa wiki mbili mpaka nne, niendelee kunyonyesha, halafu niyarejeshe tuone kama mambo yatarudi. Kaniandikia yote kwa mkono, mbele na nyuma.

Nimeacha. Chai kavu, siagi sigusi, mtindi sigusi, boflo siweki mdomoni mpaka nimuulize muokaji kama katia maziwa ya unga, sasa akiniona kwa mbali anajifanya anasali. Siku ya kumi na mbili nepi ikatoka safi. Nimeikunja nikamuonesha baba yake kama hundi ya benki.

Basi wifi yangu akanishikilia nende kwa bingwa nikapate rai nyengine. Bingwa kaangalia kipimo cha damu, "Hapa hana kitu." Nikamwambia kwa adabu, mwenzako kasema kipimo cha damu kinanasa ule mzio wa papo hapo, huu wa kuchelewa hakiuoni. Nikamkunjulia karatasi mezani. Hakuisoma! Kaletewa chai yake, kaitua pale pale juu ya mwandiko, akasema, "Bibie, mgonjwa hapa ni wewe. Mtoto mzima."

Aliponyanyua gilasi mduara umebaki, umekaa sawasawa juu ya "endelea kunyonyesha". Wino umetanda.

Halafu ati nimwachishe ziwa nimpe maziwa ya mbuzi. Kama hana kitu, namwachisha kwa lipi? Nikiwa natoka, msaidizi wake kanishika mkono mlangoni: "Na tui la nazi uache, nalo maziwa." Tui! Basi Unguja na Pemba sote tumelelewa na mnazi, tuuite mama.

Chai ya maziwa, jamani. Angalau ingekuwa kavu.

Kijana_wa_Darajani:
Dada, ulikwenda kutibiwa au kukagua vinywaji?

Ummu_Fuoni:
Wewe huna mtoto, ndio maana. Siku ukifungua nepi ukaona damu utanitafuta.

Mama_Pacha:
Namjua! Mie kanambia mtoto analia kwa sababu mama ana wasiwasi. Nikamwambia wasiwasi ninao kwa sababu mtoto analia. Kaniandikia panadoli, ya kwangu mie.

Nesi_Mstaafu:
Mwanangu Ummu, pole. Shika ya daktari wa kwanza. Kipimo cha damu na kile cha kuchoma ngozi vinasaidia kwa mzio unaotokea mara moja: mtoto anavimba midomo, anatoka mabaka, pumzi inambana. Hiyo ukiiona usiandike uzi, kimbia spitali. Huu wa kuchelewa unaoshuka na damu chooni unajulikana kwa kuacha na kurejesha, basi. Na kurejesha usikwepe, wengi wanakwepa, wanajinyima mwaka mzima bila sababu. Maziwa ya mbuzi usimpe. Protini yake inafanana mno na ya ng'ombe, mwenye mzio wa hili humdhuru na lile, na mtoto wa miezi mitatu si wa kupewa maziwa ya mnyama yeyote. Tui kunywa, pikia, ogea. Dagaa wale na mifupa yao, upate madini uliyokuwa ukiyapata kwenye maziwa.

Mke_wa_Baharia:
Mie wa duka la dawa kaniuzia kopo la maziwa ya mtoto lisilo na laktosi, akasema ndio hilo hilo. Damu ikazidi!

Nesi_Mstaafu:
Laktosi ni sukari ya maziwa. Mzio ni wa protini. Kopo la mtoto wa mzio ni lile ambalo protini yake imevunjwavunjwa, na kwa anayenyonya vizuri hata halihitajiki.

Bi_Mkubwa_Jang'ombe:
Hao nyote hamjui. Mtoto ana jicho huyo. Mfungeni mvuje mkononi, mama anywe uji wa pilipili manga. Sisi tumezaa tisa na protini hatukuiona.

Ummu_Fuoni:
Bibi yangu, shikamoo. Mvuje anao tangu siku ya saba, na uji nnakunywa. Damu ilikatika nilipoacha maziwa. Siwezi kuyakataa macho yangu.

Yakhe_wa_Wete:
Nyie wa Unguja mnalilia gilasi! Mie nimevuka na mwanangu kwa boti kutoka Mkoani, katapika njia nzima, tumefika pale kwa huyo huyo, ati "njoo Jumatatu". Ilikuwa Jumaane!

Kijana_wa_Darajani:
Yakhe, si ungemsubiri tu hapo mlangoni, ungeletewa na chai.

Yakhe_wa_Wete:
Nilisubiri, yakhe. Nililala kwa shemeji siku sita. Shemeji mwenyewe kanihesabia mpaka ndoo za maji.

Mama_Pacha:
Mashemeji nyinyi afadhali. Mkwe wangu kamtilia mwanangu samli kwenye uji kwa siri, kisha ananiuliza mbona mtoto ana vipele.

Mke_wa_Baharia:
Wakwe wafunguliwe uzi wao, hapa hawatatosha.

Ummu_Fuoni:
Jamani, nilikuwa nasema karatasi. Nimeianika dirishani, mduara hautoki. Pale palipoandikwa siku ya kurejesha maziwa hapasomeki tena, na nambari ya daktari ilikuwa chini yake. Kesho nnarudi kwa yule wa kwanza nimuombe aandike upya, na nitamuonesha alichofanyiwa.

Nesi_Mstaafu:
Nenda, na hii yenye doa usiitupe. Na kifungua kinywa usihangaike na boflo, kula mkate wa ufuta, unakandwa kwa tui.

Kijana_wa_Darajani:
Mkate wa ufuta upi, huu wa siku hizi? Mwembamba unaona upande wa pili, na ufuta wa kuhesabu.

Mama_Pacha:
Na bei imepanda! Nimelisema hili tangu Ramadhani.

Yakhe_wa_Wete:
Njooni Pemba mle mkate.

Bi_Mkubwa_Jang'ombe:
Pemba mkate wenu mkavu.

Yakhe_wa_Wete:
Bibi, heshima yako, lakini hapo umenikosea. Mkavu kwa nani?