Mrejesho: kile kifaa cha ramani cha gari

Wakuu, niliuliza kama ninunue kifaa cha GPS cha gari au simu inatosha. Nimeghairi kununua. Aliyeniambia nipakue ramani mapema alinifumbua macho: simu inapokea mawimbi ya setilaiti yenyewe, bando si lazima. Nimesafiri siku nzima data ikiwa imezimwa, na kale kadoti ka bluu kalinifuata kila kona. Nilichokosa ni taarifa za foleni tu.

Kero ni jua. Simu niliiweka juu ya dashibodi, ikachemka mpaka ikajizima, tena penye njia panda! Sasa nimenunua kishikio, nimekipachika kwenye matundu ya kiyoyozi, inapulizwa baridi. Ila kwa anayeshinda barabarani kutwa, naona kifaa bado kina maana.